Mjane Haendi Besiboli

Evere, 18 Januari 2009

Yaya Tharcisse, kaka yetu mkubwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya Ubelgiji. Natumai mguu wako wa kulia umeacha kelele na watoto wa Katuba wote wazima. Huku tupo. Maji ya mfereji wa Molenbeek yaliganda pembeni wiki iliyopita, na mabomba ya jirani yakapasuka. Mpwa wako Chloé amepata kazi kwa daktari wa meno huko Ganshoren. Kila Jumamosi anakuja kunitazama, na kabla hajanisalimu anafunua sufuria zangu aone kama nimekula. Waambie shangazi zake kwamba nimemlea vizuri.

Mimi nywele nilizonyolewa msibani zimeanza kuota. Nguo nyeusi ninazo tatu, nafua moja navaa nyingine. Miezi mitatu sasa tangu mume wangu Kabeya aondoke, na bado nachota wali wa watu wawili.

Najua simu ipo. Lakini tangu masikio yako yabaki kwenye kiwanda cha shaba, kukupigia simu ni kuwatangazia majirani wa ghorofa zote nne mambo ya ukoo wetu. Ndiyo maana nampa Maman Emmanuella, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee mkononi.

Basi, neno lenyewe. Jumanne ilikuja bahasha ya klabu yenye jina la Kabeya. Hawajalifuta kwenye orodha yao. Ndani mlikuwa na ratiba ya msimu mpya wa besiboli. Mchezo wa kwanza ni Jumapili tarehe 19 Aprili, saa nane mchana, nyumbani. Niliibandika kwenye friji nikasimama kuitazama mpaka chai ikapoa.

Wewe mchezo huu hukuwahi kuupenda. Ulipokuja hapa mwaka 2003 ulikaa nusu saa, ukamuuliza Kabeya wataanza kucheza saa ngapi. Nakumbuka alivyocheka. Lakini elewa jambo moja, maana watu wengi wanakosea: Kabeya alikuwa mfanyakazi wao. Manispaa ilimpa kazi ya kukata majani ya uwanja na kuchora ile mistari ya chokaa, na alikuwa fundi wa mistari kuliko wote. Shabiki ni mimi. Nilianza kwa kumpelekea chakula kwenye chupa ya moto, na mwaka wa pili chakula kikawa sababu tu. Miaka kumi na minne, Yaya, nimekaa safu ya pili ya jukwaa lile, na kila mchezaji wa Korongo wa Evere anaijua sauti yangu.

Mwaka jana tulikuwa wabovu. Tulipoteza michezo kumi na mitatu kati ya kumi na minane, tukanusurika kushuka daraja Jumapili ya mwisho, kwa pointi moja. Sasa mrushaji wetu mzuri, Willem, amehamia Antwerp. Wamemleta kijana kutoka Namur ambaye anarusha mpira kwa nguvu za ajabu, ila hakuna anayejua utakwenda wapi, hata yeye mwenyewe. Na nahodha wetu Koen, yule mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ana miaka thelathini na sita na magoti ya mzee wa themanini. Nina wasiwasi, Yaya. Na nina hamu, ndiyo, nasema wazi, mimi mjane wa nguo nyeusi nina hamu.

Marie-Claire, wifi yangu, alikuja kutoka Molenbeek akaiona ratiba. Akaibandua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake. Akasema mjane haendi besiboli, wala harusini, wala mahali penye kelele za furaha, mpaka ukoo wa mume uje kuondoa matanga na kumvua nyeusi, yaani Oktoba. Nikienda, hawatakuja. Na mjane ambaye ukoo wa mume haukumvua nyeusi unajua anavyotazamwa: hata kanisani benchi linabaki wazi kushoto na kulia kwake.

Wewe ndiye mkubwa wetu. Neno lako moja litamnyamazisha Marie-Claire. Sema hilo neno. Ratiba aliichukua bure, tarehe ninazo kichwani.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Mujinga


Lubumbashi, Katuba, 22 Februari 2009

Mdogo wangu Mujinga,

Barua yako nimeipata juzi. Maman Emmanuella alishuka Kinshasa kwanza, akakaa wiki tatu kwa dada yake na barua ndani ya sanduku. Nilipomuuliza akasema barua haiozi.

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua mwaka huu imekuja na hasira. Ukuta wa jiko umeanguka upande wa choo, na mchwa wamekula fremu ya mlango wa mbele mpaka mlango unasimama kwa mazoea tu. Machimbo mengi yamefungwa kwa sababu ya bei ya shaba, vijana wamekaa vibarazani wanacheza karata tangu asubuhi. Mguu wangu uko vilevile. Mzee Kazadi, baba mdogo wa marehemu Kabeya, anakusalimu sana. Tulikaa pamoja Jumapili iliyopita, tukamkumbuka mumeo, tukanywa kidogo.

Kuhusu mpira, na mimi nina yangu. Timu yetu ya Katuba imemuuza mshambuliaji wetu kwa watu wa Kolwezi bila kumuuliza hata shabiki mmoja. Msimu unakuja na tuna mabeki sita na hakuna wa kufunga. Nimewaambia viongozi usoni, wakaniita mzee.

Chloé mpe hongera. Daktari wa meno ni kazi ya watu safi.

Lile jambo uliloandika nimelisoma. Mambo mengine ni ya kukaa nayo kwanza, mtu asiyakimbilie. Vaa viatu vya joto.

Kaka yako,
Tharcisse


Evere, 8 Machi 2009

Yaya,

Salamu. Mimi mzima, Chloé mzima, hata friji nzima ila haina kitu mlangoni. Pole kwa ukuta wa jiko. Pole kwa mshambuliaji. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta jibu, nikakuta mchwa.

Nikueleze yaliyotokea, maana utayasikia kwa wengine yakiwa yamevikwa nguo.

Korongo wameanza mazoezi. Uwanja uko dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka kwangu, na dukani naweza kwenda kwa njia mbili. Wiki iliyopita nilichagua njia ya uwanja. Sikuingia. Nilisimama nje ya uzio na mfuko wangu wa vitunguu, nikamtazama yule kijana wa Namur akirusha. Yaya, mkono ule! Mpira wa kwanza ulilia kwenye glavu ya Koen mpaka nikashtuka. Wa pili ukapita juu ya kichwa cha Koen ukagonga kibanda cha vinywaji. Wa tatu ulilia tena. Nikahesabu mipira thelathini: kumi na tisa mizuri, kumi na moja ya kuua mtu. Wakimfundisha kupumua kabla ya kurusha, hatushuki daraja. Wasipomfundisha, tutashuka ifikapo Juni. Nilisimama pale saa nzima na miguu ikafa ganzi, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba sikuwaza jeneza.

Ndipo Marie-Claire akatokea. Alikuwa amepanda basi kuja kunitembelea, hakunikuta, akauliza majirani. Haya ndiyo maneno yetu, neno kwa neno:

“Mujinga! Njo weye huyu? Unafanya nini hapa ku barrière?”

“Ninaangaria.”

“Unaangaria nini? Kaka yangu iko mu udongo, hata miezi sita hayiyaisha, na weye uko ku mupira? Batu ya Lubumbashi bakisikia batasema nini?”

“Batasema nilikuwa naangaria.”

“Weye, mi nakuambia kwa muzuri. Ukiingia mule ndani siku ile ya kwanza, Oktoba hakuna mutu wa kwetu atakuja. Utabaki na nyeusi yako mpaka kufa.”

“Bon. Nyeusi haishike uchafu.”

Akaondoka bila kunywa chai yangu. Alilia njiani, nilimwona. Sifurahii hilo, alimpenda kaka yake na mimi nilimpenda. Lakini kwa nini mapenzi yake yapimwe kwa mimi kukaa ndani?

Koen naye alikuja nyumbani Alhamisi na keki ya mama yake. Hakujua amwambie nini mjane, akala keki nusu peke yake. Mwishoni akasema wachezaji wanauliza kama nitakuwepo. Unajua mimi ndiye ninayepiga kigelegele mpira ukivuka uzio. Wazungu wale hawajui kupiga, wamejaribu, wanatoa sauti ya paka. Nikamwambia sijui. Niliona haya kusema sijui, mwanamke mzima wa miaka hamsini na saba.

Sasa nikuulize wewe. Mwaka 1994, mke wako Andrée alipofariki, Mungu amweke pema, ulivaa kitambaa cheusi mkononi. Wiki ya tano tu ulikuwa uwanjani. Nilikuwa Lubumbashi likizo, nilikuona ukitoka nyumbani na kofia ya timu. Mji mzima walikuona. Nani alikwambia mjane haendi mpira? Nani alitishia kukunyima matanga? Hakuna hata mmoja. Walisema maskini, anajituliza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Yaya, wewe wako uliutua mapema.

Nijibu. Siulizi kuhusu ukuta.

Mujinga


Lubumbashi, 29 Machi 2009

Mujinga,

Salamu kwa Chloé.

Andrée usimtaje. Hukuwa na ruhusa ya kumwingiza marehemu wangu kwenye mambo ya fimbo na mpira. Miaka kumi na tano sijamzungumzia mtu siku zile, na sitaanza kwa sababu timu ya Evere ina mrushaji mpya.

Unataka jibu, hili hapa: usiende. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo wa Kabeya siku ya matanga hapa Katuba, wewe ukiwa huko unazika. Mzee Kazadi aliuliza mbele ya watu mia mbili: nani anamsimamia mjane? Nikasimama mimi. Nikaapa kwamba dada yangu atakaa mwaka mzima kama mke mwenye heshima, na kama asipokaa, aibu ni yangu. Hilo sikukuandikia kwa sababu sikudhani litahitaji kuandikwa. Ahadi ni deni. Kazadi nakunywa naye kila Jumapili, na mwanangu wa mwisho anafanya kazi kwa mkwe wa mzee huyo.

Ni mchezo mmoja tu. Mwakani kutakuwa na mwingine. Kaa ndani, sali, vumilia, Oktoba utavuliwa nyeusi kwa heshima na utakwenda utakako.

Ukienda, barua hii iwe ya mwisho kati yetu.

Tharcisse


Evere, Pasaka, 12 Aprili 2009

Yaya Tharcisse,

Kristo amefufuka. Umesema nikienda tusiandikiane tena, na bado sijaenda, kwa hiyo hii ni halali. Namharakisha Hénock, mwanafunzi wa hapa jirani anayepanda ndege kuja huko Jumanne, akupe kabla ya Jumapili.

Nitakwenda.

Uliapa bila kuniuliza. Ulisimama mbele ya watu mia mbili ukawapa miguu yangu, na wala hukuniambia. Nakuheshimu, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka maji ya mvua kwenda shule ya masista. Lakini miguu ni yangu.

Unasema ni mchezo mmoja tu. Shabiki gani anasema hivyo? Wewe ungekosa wa kwanza? Mchezo wa kwanza ndio pekee ambao hakuna aliyefungwa bado. Kuanzia wa pili tunajua ukweli. Nimekaa na ukweli miezi sita ndani ya nyumba hii, nataka nikae saa tatu na matumaini.

Tena nikwambie hali ya timu, upende usipende. Kijana wa Namur bado anarusha ovyo, ila Koen amemweka apige ishara ya msalaba kabla ya kila mpira, si kwa dini, ni kwa kumpunguza mwendo. Inasaidia kidogo. Wa kusimama upande wa kushoto hatuna, aliyekuwepo amevunjika kidole. Wapinzani wetu wa kwanza walimaliza wa tatu mwaka jana. Kwa akili tutapigwa. Kwa moyo sijui.

Nitavaa nyeusi. Sitajificha kwenye kofia wala nyuma ya nguzo. Safu ya pili, palepale. Ikiwa aibu itakuja Katuba, mwambie Mzee Kazadi kwamba ulijaribu na dada yako ni kichwa kigumu. Hilo analijua tangu siku ya mahari.

Kama hii ni ya mwisho, basi ujue sikukasirika kwa kukatazwa. Nilikasirika kwa sababu wewe unajua ninachokitafuta pale, na unajifanya hujui.

Mujinga


Lubumbashi, 17 Aprili 2009

Mdogo wangu Mujinga,

Hénock amefika jana. Ni kijana mzuri, alisimama wima wakati nasoma, akakataa kukaa mpaka nimalize. Hapa wazima. Mvua imekatika. Naandika upesi kwa sababu Maman Emmanuella anarudi huko kesho, na safari hii ameapa kwa Bikira kwamba hashuki Kinshasa.

Umesema najua. Ndiyo, najua.

Siku ile ya 1994 sikuona mpira. Nikiulizwa mpaka leo nani alishinda, nitadanganya. Nilikwenda kwa sababu nyumbani kila nilipotaka kulia palikuwa na mtu ananitazama, na mwanamume wa kiwanda halii mbele ya wakwe. Uwanjani watu elfu kumi walikuwa wanapiga kelele. Nikakaa katikati yao nikalia kwa sauti yangu yote, na aliyekaa karibu yangu akanipiga begani akasema usijali, papa, tutasawazisha. Nililia mpaka filimbi ya mwisho. Hakuna mtu nimemwambia. Nilipoona umeandika jina la Andrée na neno uwanja kwenye mstari mmoja, nikashikwa na hasira ya mtu aliyekamatwa.

Basi jana jioni nilikwenda kwa Mzee Kazadi. Nikamwambia niliapa kwa miguu ya mtu mwingine. Tulizungumza sana, na nikapata njia. Desturi inamkataza mjane furaha, lakini haimkatazi kumaliza kazi ambayo marehemu aliiacha katikati. Mkulima akifa, mke anavuna. Nikamwambia Kazadi kwamba mumeo aliacha kazi ya kuchora mistari ya uwanja, na wewe unakwenda kuichora msimu uanze vizuri, kisha utakaa kimya pembeni kulinda kazi yake. Mzee akafikiri sana, akasema: “Kama ni kazi, aende.” Amekubali mbele ya mwanawe. Oktoba watakuja.

Donc, basi nenda. Shika chokaa mbele ya Marie-Claire ili aone. Kaa kimya. Usipige kigelegele. Na nisamehe.

Kaka yako,
Tharcisse


Evere, 23 Aprili 2009

Yaya wangu mpendwa,

Ruhusa yako imefika Jumatano jioni. Mimi nilikwenda Jumapili. Ndege ya Maman Emmanuella ililala njiani siku tatu, na hakuna wa kulaumiwa, hata Bikira.

Ukurasa wa Andrée nimeusoma mara tatu na nimelia mara tatu. Asante. Ungeuandika Februari tungeokoa hasira nyingi, lakini asante. Yule aliyekupiga begani Mungu ambariki alipo.

Sasa nikueleze mchezo.

Kulikuwa na upepo na jua la uongo. Nilivaa nyeusi ya tatu, ile iliyopigwa pasi, nikapita mlango mkubwa. Mistari ilikuwa imechorwa tayari na mtu mpya wa manispaa. Ameichora kwa macho bila kamba, na ule wa upande wa kushoto umepinda kiasi kwamba Kabeya angeufuta kwa viatu vyake. Iliniuma kweli. Sikuugusa. Nilipanda nikakaa safu ya pili. Koen akaja mpaka kwenye uzio, akavua kofia, akasema kwa Kifaransa chake cha Waflamandi kwamba sasa wanaweza kuanza.

Tulianza vibaya. Kijana wa Namur alisahau msalaba, akawagonga watu watatu kwa mpira, mmoja mbavuni. Zamu ya kwanza haijaisha tuko nyuma kwa pointi tano. Nikashika kichwa. Nikamtukana kimoyomoyo, halafu nikamwombea, halafu nikamtukana kwa sauti. Unaijua hali hiyo.

Katikati ya mchezo nikasikia viatu vya kisigino kwenye mbao. Marie-Claire. Ile ratiba aliyoninyang'anya ndiyo iliyomwonyesha siku na saa, alikuwa ameishika mkononi. Akakaa karibu yangu, akaanza kusema kwa meno yaliyofungwa. Kaka yake, ukoo, Oktoba, aibu. Nilimsikiliza, naapa nilimsikiliza. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Koen, ambaye alikuwa amefika kituo cha kwanza na alikuwa ananyemelea. Na yule mzee wa magoti mabovu akachomoka! Hakuna aliyepiga mpira, alikimbia tu, kuiba kituo cha pili, kitu ambacho hajafanya tangu nimjue. Akajitupa kwa kifua kwenye vumbi, mwamuzi akafungua mikono: amefika. Akainuka akatazama jukwaani. Timu nzima ikatazama jukwaani.

Nikasimama nikapiga kigelegele, Yaya. Kirefu. Sikumaliza pumzi, nikavuta nyingine nikapiga cha pili.

“Unapiga ya nini?” Marie-Claire akalia. “Banabapika! Bako nyuma na points tano!”

“Najua.”

“Na bwana yako alikufa!”

“Najua, Marie-Claire. Najua kila asubuhi.”

Akashika mkoba wake magotini. Hakuondoka, kwa sababu basi la Jumapili linapita mara moja kwa saa, na kwa sababu nyingine ambayo sitamsemea. Tulikaa hivyo mpaka mwisho, bega kwa bega. Tulifungwa tisa kwa nne. Magoti ya Koen sasa yamewekewa barafu. Kijana wa Namur alikuja kuniomba msamaha, nikamwambia apumue.

Sasa, kuhusu njia uliyoipata kwa Mzee Kazadi. Ni njia ya akili na najua ilikugharimu kuinamisha kichwa. Lakini siitaki. Sikwenda kazini, Yaya. Sikushika chokaa, sikukaa kimya, sikulinda kazi ya mtu. Nilikwenda kwa sababu naipenda ile timu, mbovu ilivyo, na nilimpenda Kabeya, na hivi viwili havigombani ndani yangu hata kama vinagombana Katuba. Rudi kwa mzee umwambie hivyo, au ninyamazie mpaka nije nimwambie mwenyewe. Wakija Oktoba, nitawapikia. Wasipokuja, nitaivua nyeusi mbele ya padri na Chloé, na atakayekaa mbali nami kanisani nitamsalimia kwa nguvu.

Tulipotoka uwanjani Marie-Claire alisimama getini akanyoosha kidole. “Leo leo mi naandika Lubumbashi. Naandika yote!”

Nikamwambia andika. Andika kigelegele, na uandike vilikuwa viwili. Andika tisa kwa nne. Na andika kwamba Jumapili ijayo tunacheza ugenini, kule Namur, basi linaondoka saa tatu asubuhi mbele ya manispaa, na nafasi yangu nimeshaiweka.

Mdogo wako,
Mujinga